Ufafanuzi wa mkunjo wa kialjebra unapokataa kueleweka: dalili, sababu na tiba

Sentensi yenyewe ni fupi. Mkunjo wa kialjebra wa bapa juu ya uga k hutolewa na polinomia f ya vigeu viwili, x na y, ambayo si namba tupu, na ambayo vizigeu vyake vyote (zile namba zinazozidisha vigeu) vimo ndani ya k. Polinomia mbili zinazotofautiana kwa kuzidishwa na namba isiyo sifuri tu, mfano x − y na 3x − 3y, huhesabiwa kuwa mkunjo mmoja. Nukta za mkunjo ni jozi (x, y) zinazoifanya f iwe sifuri.

Mwanafunzi anaisoma, anaitikia kwa kichwa, anafunua ukurasa. Zoezi la kwanza linamwambia kuna mkunjo usio na nukta hata moja. La pili linamwonyesha duara lililogeuka mstari. Hapo ndipo ujumbe unapoanza kumiminika kwa wanaofundisha: "Mwalimu, ufafanuzi nimeuelewa, ila..." Yanayofuata baada ya hiyo "ila" ni yaleyale mwaka hadi mwaka, ndiyo maana yanaweza kupangwa kwa dalili. Katika kila dalili nimetanguliza sababu ya kawaida, adimu ikaja nyuma.

Kwa anayehitaji kukumbushwa: uga ni mkusanyiko wa namba ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na kugawanya (isipokuwa kwa sifuri) bila kutoka nje. Namba wiano ℚ, namba halisi ℝ na namba changamano ℂ ni nyuga. Namba kamili si uga, maana 1 kugawanya kwa 2 kunakutoa nje. Na kwa kila namba tasa p kuna uga mdogo F_p wenye namba p tu, 0 hadi p − 1, ambamo kila jibu linagawanywa kwa p na kinachobaki ndicho kinachoandikwa. Ndani ya F₅, 3 + 4 ni 2.

Kabla ya kufungua chochote

Fundi redio huangalia plagi kabla ya kushika bisibisi. Plagi ya somo hili ni maswali matatu: vizigeu vinatoka uga gani? Nukta unazitafuta katika uga gani? Na maandishi unayosoma yanaita kitu gani mkunjo: polinomia, au seti ya nukta zake?

Swali la kwanza na la pili si swali moja, na robo tatu ya mkanganyiko inazaliwa kwa kudhani kwamba ni moja. Vizigeu vinakaa k. Nukta unaruhusiwa kuzitafuta katika k yenyewe au katika uga wowote mkubwa zaidi unaoibeba k. Andika majibu ya maswali hayo pembeni mwa daftari kabla ya kuanza zoezi. Ukishindwa kujibu la tatu, rudi kwenye ukurasa wenye ufafanuzi, usikisie.

Dalili ya 1: mlinganyo upo, nukta hakuna

Mfano unaoletwa kila mara ni x² + y² + 1 = 0. Juu ya ℝ mraba haushuki chini ya sifuri, kwa hiyo upande wa kushoto haupungui 1. Programu ya kuchora inarudisha karatasi tupu. Je, huo ni mkunjo? Ndiyo, tena wa digrii 2 (digrii ni jumla kubwa zaidi ya vipeo vya vigeu katika kipande kimoja cha polinomia), ndugu wa duara.

Sababu ya kawaida ni kutafuta nukta katika uga mdogo mno. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: hamia ℂ. Weka x = 0, unapata y = i au y = −i. Weka x yoyote, unapata y. Nukta hazina idadi. Ulikuwa umesimama mahali usipoweza kuziona.

Sababu ya pili ni kushikilia kwamba mkunjo ni seti ya nukta, basi. Jaribu uone unakopelekwa: juu ya ℝ, x² + y² + 1 na x⁴ + y⁴ + 1 zote zina seti tupu, kwa hiyo zingekuwa mkunjo mmoja, wenye digrii 2 na digrii 4 kwa wakati mmoja. Wanahisabati waliamua kubeba polinomia yenyewe ili kuepuka aibu hiyo.

Sababu ya tatu hujificha zaidi, kwa sababu mchoro unaonekana mzima. Chukua x² + y² = 3 juu ya ℚ. Kwenye karatasi ni duara safi lenye nusu kipenyo √3, lakini halina nukta hata moja ambayo x na y zake zote ni namba wiano. Uthibitisho ni mfupi kiasi cha kutosha kuuweka hapa. Andika x = a/c na y = b/c, namba kamili a, b, c zisiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Basi a² + b² = 3c². Mraba ukigawanywa kwa 3 hubakisha 0 au 1, kamwe haubakishi 2. Kwa hiyo ili jumla ya miraba miwili igawanyike kwa 3, a na b zote lazima zigawanyike kwa 3. Hapo a² + b² inagawanyika kwa 9, 3c² nayo vilevile, kwa hiyo c inagawanyika kwa 3. Tulisema hazina kigawo cha shirika. Imegoma.

Adimu kabisa: f yenyewe ni namba tupu, kwa mfano baada ya kurahisisha vibaya ukabaki na 5 = 0. Huo si mkunjo usio na nukta. Si mkunjo kabisa.

Tiba ya ndani, kwa anayetaka kujua kwa nini kuhamia uga mkubwa hufanya kazi daima: katika uga uliofungika kialjebra, yaani ule ambamo kila polinomia ya kigeu kimoja isiyo namba tupu ina kipeuo (thamani ya kigeu inayoifanya iwe sifuri), kila mkunjo una nukta zisizo na idadi. Polinomia f ina angalau kigeu kimoja, tuseme y. Ipange kwa vipeo vya y. Kizigeu kinachoongoza, yaani cha kipeo kikubwa zaidi cha y, ni polinomia ya x, nayo inakuwa sifuri kwa x chache tu. Uga wa aina hii hauishi namba, kwa hiyo x zilizobaki hazina idadi, na kila mojawapo inakupa y.

Dalili ya 2: milinganyo miwili, nukta zilezile

Anza na ukaguzi rahisi. Je, moja ni nyingine iliyozidishwa na namba? Kama ndiyo hakuna tatizo, ni mkunjo mmoja. Usizidishe kwa x ukadhani bado uko salama; x si namba, na kwa kufanya hivyo umeongeza mstari mzima x = 0.

Kinachofuata ni kigawo kilichorudiwa. x = 0 na x² = 0 zina nukta zilezile katika kila uga, bila kubakiza. Kwa ufafanuzi wa polinomia ni mikunjo miwili tofauti: wa pili ni mstari uliohesabiwa mara mbili. Hapa ndipo vitabu vinapoachana njia. Baadhi hukataza vigawo vilivyorudiwa tangu mwanzo, wengine huviruhusu kwa sababu huibuka vyenyewe mkunjo unapobadilishwa polepole, na wapo wanaodai polinomia isivunjike, yaani isiandikike kama zao la polinomia mbili zisizo namba tupu. Mimi napendelea kuviruhusu, maana ukivikataza mlangoni vitaingia dirishani utakapofika kwenye kuhesabu makutano. Lakini ikiwa mtihani wako unatumia ufafanuzi mwingine, fuata wa mtihani.

Sababu inayobaki ni udogo wa uga, na mfano wake bora uko katika F₅. Polinomia x⁵ − x inakuwa sifuri kwa kila x ya F₅. Mkunjo x⁵ − x = 0 kwa hiyo unapita katika nukta zote 25 za bapa. Mkunjo y⁵ − y = 0 nao hivyohivyo. Ukiangalia nukta peke yake utasema ni kitu kimoja, tena kwamba ni bapa zima. Vunja polinomia: ya kwanza ni x(x − 1)(x − 2)(x − 3)(x − 4), mistari mitano iliyosimama, ya pili ni mistari mitano iliyolala. Ndani ya F₅ mistari hiyo inafunika kila kitu. Ukipanua uga, kila kundi linarudi mahali pake. Na zingatia kwamba x⁵ − x si polinomia sifuri hata kama kila jibu lake katika F₅ ni sifuri. Polinomia ni vizigeu vyake. Majibu inayotoa ni jambo jingine.

Juu ya uga uliofungika kialjebra utata huu unaisha karibu wote. Matokeo ya mwanahisabati David Hilbert ya mwaka 1893 kuhusu vipeuo vya polinomia yanatuhakikishia kwamba huko, mikunjo miwili yenye nukta zilezile ina vigawo visivyovunjika vilevile. Kinachoweza kutofautiana ni idadi ya marudio tu.

Dalili ya 3: mkunjo ulikuwa mmoja, sasa ni vipande viwili

x² + y² = 0 juu ya ℝ haivunjiki. Juu ya ℂ ni (x + iy)(x − iy), mistari miwili inayokutana (0, 0). Juu ya F₅ inavunjika pia, maana 2² ni 4, yaani −1, na (x + 2y)(x − 2y) = x² − 4y² = x² + y². Juu ya F₇ haivunjiki, kwa kuwa −1 huko haina kipeuo cha pili.

Hapa hakuna kilichoharibika. Kutovunjika ni habari ya polinomia *pamoja na uga wake*, na sentensi inayosema tu "polinomia hii haivunjiki" haijakamilika. Zile zisizovunjika hata ukipanua uga kiasi gani zina hadhi yao ya juu: hazivunjiki kabisa.

Je, utajuaje kama yako ni ya daraja hilo bila kupitia nyuga zote? Kuna kipimo kizuri ambacho hakitajwi vya kutosha. Kama f haivunjiki juu ya k, na ina angalau nukta moja ndani ya k ambayo ni laini (yaani derivativi ya f kwa x na ile kwa y si sifuri zote mbili hapo), basi haivunjiki popote. Sababu yake: kama ingevunjika katika uga mkubwa, vipande vyake vingekuwa sura za kipande kimoja (kama x + iy na x − iy hapo juu), na nukta ya k iliyo juu ya kimoja ingekuwa juu ya vyote. Nukta ambapo vipande vinakutana haiwi laini. Chukua x² − 2y² juu ya ℚ: nukta yake pekee ni (0, 0), na hapo derivativi zote mbili ni sifuri. Kipimo hakikupa cheti, na kweli, ukiikaribisha √2 inavunjika.

Simama hapa kama uga wako ni wa aina ya F_p(t), ambamo t ni kigeu kilichoingizwa ndani ya uga. Huko x^p − t haivunjiki, lakini katika uga mkubwa inageuka kuwa kigawo kimoja kilichorudiwa mara p. Mbinu za ℚ na ℝ zitakupotosha bila kukupa onyo. Tafuta mtu anayefanya jiometri ya kialjebra.

Dalili ya 4: duara si duara tena

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako. Chukua x² + y² = 1 na uizungushe katika nyuga ndogo, kwa mkono, kalamu na karatasi.

Juu ya F₃ miraba ni 0 na 1. Jumla ya 1 inapatikana kwa 0 + 1 na 1 + 0, basi nukta ni nne. Juu ya F₅ miraba ni 0, 1 na 4. Tena ni nne tu: (1, 0), (4, 0), (0, 1), (0, 4). Juu ya F₇ miraba ni 0, 1, 2, 4, na safari hii 4 + 4 = 8 = 1 inaongeza nukta nne nyingine, jumla 8. Wanafunzi huuliza mpangilio uko wapi: 4, 4, 8? Upo, ila nukta mbili za F₅ zimejificha. Tutazikuta kwenye dalili ya 5.

Sasa nenda F₂. Huko 2 ni sifuri, kwa hiyo (x + y + 1)² = x² + y² + 1, na kwa kuwa −1 ni sawa na 1, hilo ndilo duara letu. Duara ni mstari x + y + 1 = 0 uliorudiwa mara mbili. Kosa la hesabu halipo.

Sababu ya kawaida ya dalili hii ni karakteristiki ya uga: idadi ndogo kabisa ya 1 unazojumlisha hadi upate 0. Katika F_p ni p. Katika ℚ, ℝ na ℂ hufiki sifuri kamwe, na karakteristiki huandikwa 0. Katika karakteristiki p vipande vyote vya katikati vya (a + b)^p vinatoweka. Ndiyo maana x³ + y³ = 1, mkunjo mzuri laini juu ya ℚ, juu ya F₃ ni (x + y − 1)³ = 0.

Sababu ya pili ni vizigeu vinavyokufa. y² = x³ + 7 ni mlinganyo wenye jina: ukiuweka juu ya F_p yenye p = 2²⁵⁶ − 2³² − 977, ndio mkunjo ambao Bitcoin hutumia kwa saini zake. Uweke juu ya F₇ uone. 7 inakuwa 0, unabaki na y² = x³, wenye ncha kali pale (0, 0). Juu ya F₃, 7 ni 1, na x³ + 1 ni (x + 1)³. Ncha imehamia (2, 0). Juu ya F₂ derivativi ya y² ni 2y, yaani sifuri daima, na nukta (0, 1) inakuwa korofi, yaani si laini. Kuna kipimo kimoja kinachotabiri yote haya: kwa y² = x³ + ax + b, kokotoa 16(4a³ + 27b²). Hapa ni 16 × 27 × 49. Namba tasa zinazogawanya hiyo ni 2, 3 na 7, na nyuga hizo tatu ndizo zinazoharibu mlinganyo. Juu ya F₅ uko salama: ni y² = x³ + 2, una nukta (2, 0), (3, 2), (3, 3), (4, 1) na (4, 4).

Onyo, na hili si la kitaaluma tu: usijitungie mkunjo wa kulinda fedha au siri za watu. Kuwa laini hakutoshi. Ipo mikunjo laini inayovunjwa kwa mbinu zinazojulikana, na kuitambua ni kazi ya wataalamu wa kriptografia.

Dalili ya 5: makutano hayatimii

Kanuni inayobeba jina la mwanahisabati Étienne Bézout, aliyechapisha kazi yake mwaka 1779, inasema mikunjo ya digrii m na n hukutana mara mn. Maduara mawili yangekutana mara nne. Nani amewahi kuona maduara mawili tofauti yakikutana mara nne?

Kagua kwa utaratibu huu. Kwanza nukta za infiniti. Geuza f kuwa polinomia ya X, Y na Z ambayo kila kipande chake kina digrii ileile: parabola y = x² inakuwa YZ = X². Nukta sasa ni [X : Y : Z], si zote sifuri, na kuzizidisha zote kwa namba moja hakubadilishi nukta. Zile za zamani zina Z isiyo sifuri; zenye Z = 0 ndizo zilizokuwa nje ya karatasi. Mstari x = 0 unaikata parabola mara moja machoni pako, na mara ya pili pale [0 : 1 : 0].

Kisha uga. Weka Z = 0 katika mlinganyo wa duara lolote, unabaki na X² + Y² = 0, yaani [1 : i : 0] na [1 : −i : 0]. Kila duara linapita katika nukta hizo mbili. Hizo ndizo makutano mawili yaliyopotea, na hazikuonekana kwa sababu mbili kwa pamoja: ziko infiniti, na zinahitaji ℂ. Juu ya F₅, i ni 2, kwa hiyo duara letu linaongezewa [1 : 2 : 0] na [1 : 3 : 0] na kufikisha nukta 6. F₃ ina 4, F₇ ina 8. Kila mara p + 1. Huo ndio mpangilio tuliokuwa tunautafuta.

Kisha marudio. Mstari y = 0 unaigusa parabola pale (0, 0) na hesabu yake ni mbili. Maduara x² + y² = 1 na x² + y² = 4 hayakutani popote kwenye karatasi; ukitoa mlinganyo mmoja kwa mwingine unapata Z² = 0, na kila moja ya zile nukta mbili inahesabiwa mara mbili. Nne zimetimia.

Mwisho, kipande cha shirika. Ikiwa polinomia zote mbili zina kigawo kimoja, makutano hayana idadi na kanuni haihusiki.

Dalili ya 6: mchoro mzuri, polinomia haionekani

Nusu duara y = √(1 − x²) ni kipande; mkunjo ni duara zima. y = |x| ni nusu ya y² = x². Hizo tiba yake ni kupiga mraba na kukubali kwamba umepata zaidi ya ulichoanza nacho. y = sin x ni habari nyingine: mstari y = 0 unaukata mara zisizo na idadi bila kuwa sehemu yake, na hilo mkunjo wa kialjebra hauwezi kulifanya. Acha kutafuta.

Wakati wa kuweka kalamu chini

Kama swali lako limegeuka kutoka "mkunjo ni nini" hadi "una nukta gani ndani ya ℚ", umevuka mpaka. Kwa digrii 2 njia ipo na inafundishika. Kwa mikunjo laini ya digrii 3, hadi leo hakuna utaratibu uliothibitishwa kwamba daima utamaliza kazi. Kwa mikunjo laini ya digrii 4 na kuendelea, mwanahisabati Gerd Faltings alithibitisha mwaka 1983 kwamba nukta hizo zina kikomo, lakini uthibitisho wake hauelezi namna ya kuzipata zote. Ukikesha na zoezi la aina hii usijilaumu, wala usiendelee peke yako.

Vivyo hivyo ukianza kuhitaji kutofautisha x² na x kwa undani, kiasi cha kuuliza "nukta nene" ina nini ndani yake. Hiyo ni lugha ya skimu, nadharia ya mwanahisabati Alexander Grothendieck, na haisomwi kwa kuunganisha vipande.

Unapomwendea mtaalamu, mpelekee mambo matatu kwenye karatasi moja: polinomia yako, uga wa vizigeu pamoja na uga unaotafutia nukta, na ufafanuzi wa mkunjo kama ulivyoandikwa katika maandishi yako, neno kwa neno.